Gari Iko Sawa, Mzee

Jumapili Buruburu huosha magari. Pita Mumias South Road baada ya misa ya kwanza ujionee: maji ya sabuni yamefika katikati ya lami, na vijana wa kuosha wamechuchumaa wakisugua rimu kwa mswaki. Mswaki wa meno! Kuna wanaume mtaani humu ambao meno yao hayajawahi kupata heshima hiyo. Matairi yanapakwa dawa nyeusi yang'ae, dashibodi inapigwa mafuta mpaka mwenye gari akiketi anajiona uso. Halafu mwambie, "Baba, hebu inama uangalie hilo tairi upande wa ndani." Atakuuliza tangu lini umekuwa polisi.

Si ajabu. Huu ndio mtaa uliolea matatu za namba 58, zile zenye uso wa mwanamuziki wa Marekani ubavuni na spika zinazotikisa madirisha ya Jogoo Road nzima. Marehemu John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, alipoleta kanuni zake za matatu Februari 2004, akaamuru mikanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni, Buruburu iliomboleza michoro kuliko ilivyoshangilia mikanda. Miaka ikapita, michoro ikarudi. Mikanda bado iko njiani.

Sina ugomvi na rangi. Ugomvi wangu ni na Canter ya jirani, lori dogo linalolala kortini kwetu, hapa Phase 3. Korti ya Buruburu si ya hakimu. Ni nyumba kadhaa zilizouzunguka ua mmoja na kuchangia geti, na anayetoa hukumu ni mama wa duka la maziwa. Canter hulala, mimi silali. Saa kumi na moja alfajiri dereva wake, kijana mzuri tu asiyejua ulevi, huja na tanboi wake, yaani utingo, hutia ufunguo, hupiga resi mpaka moshi upange foleni dirishani kwangu, huwasha muziki, kisha hao wanaondoka. Kati ya kuwasha na kuondoka huangalia kitu kimoja tu: nywele zake kwenye kioo cha pembeni.

Nikimuuliza kutoka dirishani kama amelikagua gari, jibu ni lile lile.

"Gari iko sawa, mzee."

"Umejuaje?"

"Si jana ilikuwa sawa?"

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Mimi chumvi ya barabara nimeila. Nimebeba kontena kutoka Mombasa hadi Malaba, nikavuka nazo hadi Kampala, mpaka reli ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018 na mwajiri wangu akaona heri auze. Kichwa cha lori kilipata mteja. Trela ikabaki shambani kwake Kitengela, na siku hizi inafugiwa kuku. Nyumba ninayoishi aliinunua mama watoto, maana benki zilikopesha walimu, hazikukopesha madereva. Hilo nakumbushwa kila ninapoanza kutoa amri hapa nyumbani.

Aliyenifunza kazi alikuwa mzee wa Machakos asiye na maneno mengi. Sheria yake ilikuwa moja: usiguse ufunguo kabla hujaligusa gari. Unaanzia mlango wa dereva, unalizunguka lote, unarudi pale pale. Kwanza ardhi, kwa sababu gari likilala mahali pamoja usiku kucha, asubuhi ardhi itasema limetokwa na nini. Weusi mzito ni oili. Maji ya kijani au ya waridi yametoka kwenye rejeta. Dizeli utaijua kwa pua kabla ya macho. Kisha matairi, na tairi la lori halitazamwi, linagongwa. Chukua kipande cha chuma uligonge: lenye upepo wa kutosha linajibu kwa sauti na kukirudisha chuma mkononi mwako, lililopungukiwa linanyamaza tu. Matairi ya nyuma hukaa mawili mawili, na la ndani likiisha upepo, la nje hulisitiri na kuubeba mzigo wote peke yake, mpaka nalo lipate joto lipasuke huko Emali saa nane za usiku. Chungulia katikati yao pia. Jiwe likinasa pale, halitakaa milele. Litachomoka kwa kasi na kumtafuta aliye nyuma yako.

Nati za gurudumu nazo zina lugha yao. Ukiona mstari mwembamba wa kutu umeteremka kutoka kwenye nati kama machozi, hiyo imelegea, huna haja ya kumpigia fundi simu akuthibitishie. Kwenye trela unatoa maji kwenye matanki ya hewa, unaacha hewa ijae, unazima injini na kutega sikio. Geji ikishuka na mguu wako hauko kwenye breki, kuna mahali panavuja, na hutoki hapo mpaka upajue. Canter ndogo ya jirani haitumii hewa, inatumia mafuta ya breki, kwa hiyo kazi yake ni rahisi zaidi: fungua, tazama kiasi, kanyaga breki, uone kama inashika juu au inazama mpaka sakafuni. Halafu taa, na hapo ndipo tanboi anapofaa kusimama nyuma na kupaza sauti. Kazi yote hiyo robo saa haiishi.

Basi mimi, kwa kuwa nimeshaamshwa, huteremka na suruali yangu ya kulalia na chuma changu nikaizunguka Canter ya mwenyewe nikigonga. Watoto wa korti wamenipa jina la Inspekta. Mama watoto yeye ana malalamiko yake. "Goti langu linaniuma tangu Krismasi," aliniambia majuzi, "na hujawahi hata siku moja kuligonga na chuma ujue kama lina upepo."

Nikadhani ukombozi umefika kijana huyo alipotangaza kwamba anataka kupanda cheo. Anataka leseni ya daraja la CE, ya malori makubwa yenye trela, aache kubeba makochi ya watu abebe kontena. Akajiandikisha shule ya udereva, na jioni akawa anakuja kibarazani kwangu nimpime maswali. Aliyepitia shule ya udereva ya Kenya anaijua ile meza ya mji mdogo. Ni ubao umechorwa barabara, mizunguko, kivuko cha reli na maegesho, na mtahiniwa anapewa kigari cha mtoto akiendeshe kwa vidole huku akieleza anavyofanya. Kijana ni bingwa wa mji huo. Anaingia mzunguko kwa njia sahihi, anatoa ishara kwa mdomo, anaegesha kwa pembe, anasimama kwenye reli akiangalia kulia na kushoto kwa treni ambayo haijawahi kuja tangu ubao ule uchongwe.

Ubaya ni kwamba mji ule hauna watu. Hauna bodaboda anayekuja kinyume Rabai Road na abiria watatu na kuku. Hauna mkokoteni wa maji unaoshuka bila breki kwa sababu haukuwahi kuzaliwa nazo. Hauna matope wala mvua. Zaidi ya yote, hauna mteremko. Ubao wote ni bapa. Nikaona nimuulize swali la mteremko.

"Umebeba kontena, unashuka Mau. Breki zimeshika joto, pedali imeanza kuzama. Utafanya nini?"

Akafikiri. "Nitaomba."

"Utamwomba nani?"

"Kwanza Mungu. Halafu nimwombe tanboi aruke na jiwe."

Msicheke. Tanboi kuruka na jiwe au kipande cha gogo na kukitupa mbele ya gurudumu ni mbinu ambayo imetumika katika nchi hii kwa muda mrefu, nami sijawahi kuiona katika kitabu chochote cha shule ya udereva. Nikamwekea kijana kiti. Nikamwambia habari ya Salgaa.

Kwa asiyejua, kutoka Salgaa kupanda Sachangwan kwenda Mau Summit, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ni mlima mrefu, na ukigeuka ni mteremko mrefu. Madereva walikuwa wakifika juu wanatia nyutro, lori linateremka lenyewe, na wengine bado hufanya hivyo. Wapo waliozima injini kabisa. Mwajiri amepima mafuta ya safari, kwa hiyo kila lita iliyookolewa mlimani inauzwa kwa jerikeni kando ya barabara, na dereva anapata ya kutuma nyumbani. Hesabu inaonekana tamu mpaka uiangalie chini ya gari. Lori likiwa kwenye gia, injini inalishika. Ndiyo maana wazee walisema teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Ukitoa gia, breki zimebaki peke yao, na lori la ekseli saba lililojaa kisheria lina tani 56. Ngoma za breki zinashika moto, laini inaanza kuteleza badala ya kushika, unakanyaga na hakuna kitu. Sasa unakumbuka gia. Lakini lori likishachanganya kasi halikubali tena kuingia gia. Linasaga meno tu. Na kama ulizima injini, hata pampu ya hewa imelala na usukani umekuwa mzito. Huko kote umeokoa lita mbili tatu.

Makaburi ya njia ile yalizidi mpaka serikali ikatenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Lakini milima haiko Salgaa peke yake. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori la kontena lilimshinda dereva makutano ya Londiani, likapita juu ya matatu na bodaboda na wanawake waliokuwa wakiuza mboga kando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 50. Wengine walikuwa wamesimama tu wakingoja gari.

Kijana alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Kisha akaniuliza kama swali hilo huwa linatoka kwenye mtihani.

Turudi kwa mtihani basi, maana magari nayo yana mtihani wao. Gari la biashara Kenya hupelekwa ukaguzi kila mwaka, na kwa sisi wa Eastlands kituo hakiko mbali. Ni huko Likoni Road, Industrial Area, ambako NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, inapima breki, taa, usukani na kilicho chini. Hapo ndipo ninapowaonea fahari watu wangu wa Buruburu, kwa sababu ubunifu wao hauna mfano. Wiki ya ukaguzi ikifika, Canter za mtaa huu huvaa nguo za kuazima. Kuna seti ya matairi sita, mawili ya mbele na manne ya nyuma, yanayozunguka kati ya hapa na Kariobangi kwa kukodishwa. Matairi hayo yamefaulu mtihani mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote mtaani. Asubuhi yanafungwa, mchana yanapewa cheti, jioni yanafunguliwa na kurudishwa kwa mwenyewe, na Canter inarudishiwa vipara vyake. Kizima moto nacho huazimwa. Pembetatu mbili za kuonya wenzako barabarani huazimwa. Kisanduku cha huduma ya kwanza huwa ni cha gari lenyewe, lakini kwanza sharti kitolewe kilichomo. Mara ya mwisho nilipochungulia kile cha jirani nilikuta chaja ya simu, risiti za maegesho na nusu mkate.

Na hivyo vipara havitupwi. Jirani alivipeleka kwa fundi wa kuchonga. Kama hujaona kazi hiyo, nenda ukasimame kando. Fundi ana kisu chembamba kilichokunjwa kikawa na umbo la U, anakiweka motoni kikiwiva anakipitisha kwenye tairi lililoisha, polepole, ulimi nje, na utepe wa mpira unajikunja ukitoka huku moshi wake ukikupanda kichwani. Anafuata mistari ya zamani kwa jicho. Akimaliza, tairi lina makata mapya, ya kina, yamenyooka kiasi, na ukilitazama kwa mbali utaapa limetoka dukani. Nililiinamia moja. Chini ya yale makata mapya, nyuzi za chuma zilikuwa zinachungulia nje. Mpira uliopaswa kuzifunika ndio fundi alikuwa ameukata na kuutupa, na jirani alikuwa amelipia huduma hiyo.

Nikatafuta umri wake. Hilo ni jambo ambalo kila mwenye gari angelijua lau angesoma tairi kabla ya kulipaka dawa: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hili lilisomeka 2311. Lilizaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi ambalo lingekuwa binadamu lingeshavunja sauti na kuanza kujibizana na mama yake, bado linabeba ngano.

"Lakini cheti liko nacho," jirani akaniambia. Ni mtu mstaarabu, mzee wa kanisa.

"Cheti ni cha yale mengine."

"Cheti ni cha gari, mzee. Tairi ni spea."

Nilitegemea wengine kortini waniunge mkono, lakini walishaniona adui. Mwaka 2025, ilipokuja rasimu ya kanuni za ukaguzi inayogusa hata magari ya kibinafsi yaliyopita miaka minne tangu yaundwe, kundi letu la WhatsApp liliwaka moto siku nzima. Piga hesabu mwenyewe: sheria haituruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na sisi hungoja kwa subira mpaka lifike saba ndipo tulinunue kutoka Japani. Maana yake gari letu likigusa bandari ya Mombasa tayari limeshapita miaka minne. Korti nzima ilikuwa inaguswa. Wale wale wa mswaki wakaandika kwamba serikali inataka kutunyonya. Mmoja akauliza gari linalooshwa kila Jumapili linakaguliwa nini tena. Mimi nikaandika, kwa heshima, kwamba breki hazioshwi. Nikatolewa kwenye kundi. Nimerudishwa baadaye kwa sababu mimi ndiye ninayejua namba ya fundi wa geti.

Kuna sheria nyingine ambayo ningependa jirani aisome siku moja akiwa na nafasi. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 kati ya saa 24. Kijana wake huanza saa kumi na moja alfajiri na kabichi za Marikiti. Mchana anahamisha watu. Jioni anapelekwa Mlolongo kuchukua kokoto. Usiku, kukiwa na oda, anarudia kabichi. Nilipomweleza jirani habari ya saa 8 akacheka, akasema hizo ni saa za kuendesha, za kungoja mzigo hazihesabiwi, na kijana huwa analala akingoja. Analala wapi? Juu ya usukani. Macho yakikataa, kuna muguka wa shilingi hamsini. Muguka unakufungua macho tu. Akili inaendelea kulala, na hivyo ndivyo mtu anavyoliona lori lililosimama mbele yake waziwazi kabisa na kuligonga.

Na lori lililosimama mbele yako Kenya, utalijuaje? Sheria inataka pembetatu. Lakini pembetatu, kama nilivyosema, ziko kwa mwenye kuzikodisha. Kwa hiyo tunavunja matawi. Dereva akipata pancha, tanboi anaingia kichakani anarudi na majani, anayatandaza barabarani hatua chache nyuma ya trela, kazi imekwisha. Hebu tupige hesabu: anayekuja kwa kilomita 80 kwa saa anakula mita 22 kila sekunde. Usiku, majani meusi kwenye lami nyeusi, atayaona akiwa ameshayakanyaga, na sekunde moja ya kushtuka imemfikisha kwenye bampa. Angalau majani ni laini. Kinachonitoa jasho ni mawe. Lori likiharibika mlimani wanalitilia mawe makubwa nyuma ya magurudumu, jambo zuri sana. Likishatengenezwa wanapanda, wanapiga honi, wanaondoka, na mawe wanatuachia. Yako katikati ya njia, manne, yamepangwa sawasawa, yanangoja pikipiki ya kwanza baada ya jua kutua. Nimewahi kusimamisha kontena nzima nishuke kuondoa mawe ya mtu nisiyemjua, na tanboi wangu akaniuliza kama nimelipwa na serikali.

Ya uzani sitasema mengi. Anayepitia mizani ya Mariakani, Mlolongo au Gilgil atakuwa na adabu apende asipende, kwa sababu pale kila ekseli inapimwa: ya usukani tani 8, ya nyuma yenye matairi manne tani 10. Canter za mtaa ndizo hazijui mizani. Mizani yao ni springi; zikinyooka kabisa, tanboi anasema, "Imetosha," na mwenye mali anasema, "Ongeza gunia moja la mwisho."

Nimalizie na shemeji. Mdogo wake mama watoto alihama mwezi uliopita kutoka Phase 5 kwenda Kamulu, ambako amejenga, na kwa kuwa sisi ni watu wa kusaidiana, Canter iliyokodishwa ilikuwa ni hiyo hiyo ya jirani. Nikatumwa nikasimamie. Nilifika nikakuta kabati, friji, meza, jiko, masufuria ndani ya beseni, mapipa ya maji, ngazi, na juu kabisa, kupita urefu wa kichwa cha gari, godoro la sita kwa sita lililofungwa kwa kamba moja ya katani. Nikaomba kamba ya pili. Nikaomba turubai. Nikatoa chuma changu nikaanza mlango wa dereva. Shemeji akatazama saa.

Matairi yaligongeka vizuri, nikashangaa. Nati zilikuwa kavu. Breki ilishika juu. Kijana alikuwa ameanza kunielewa, na nilihisi kitu kama fahari. Tukafika kwenye taa. Nikasimama nyuma.

"Breki!" Zikawaka zote mbili.

"Kulia!" Ikawaka.

"Kushoto!"

Hakuna kitu.

"Kushoto!"

"Nimeweka, mzee!"

Haikuwaka ya nyuma wala ya mbele. Nikasema hatuendi mahali mpaka balbu zinunuliwe, duka liko pale, ni dakika kumi. Shemeji akashika kiuno. Alikuwa amemlipa mwenye nyumba mpaka siku ile tu, na mpangaji mpya alikuwa ameshaleta jiko lake mlangoni.

"Shemeji," akaniambia kwa ile sauti ya upole inayotangulia mvua, "mimi nahamia Kamulu. Siendi mwezini."

"Mama, Kangundo Road ina..."

"Mzee, hiyo si shida," kijana akaingilia, akitabasamu. "Nikikata kushoto, tanboi anatoa mkono."

Wote wakakubali kwamba hilo ni jibu. Hata mama watoto alikubali. Shemeji akapanda akakaa dirishani na televisheni mapajani, mlango ukagongwa, Canter ikanguruma ikatoka getini, ikafika barabarani, na barabarani pale hakuna njia ila kukata kushoto. Nikasikia kijana akipaza sauti, "Mkono!"

Tanboi alikuwa juu ya mzigo, ameshika godoro kwa mikono yote miwili. Akatoa mguu.